Haki ya Mgonjwa Kueleweka

Mkataba wa Wagonjwa, yaani waraka ambao Wizara ya Afya ya Uganda iliutoa mwaka 2009 ili kubainisha mambo ambayo mgonjwa anaweza kuyadai katika kituo cha tiba pamoja na yale ambayo yeye mwenyewe anadaiwa, unafuata njia iliyokwisha kuchorwa na Chama cha Madaktari Duniani katika Azimio la Lisbon la mwaka 1981: mgonjwa asibaguliwe, aelezwe ugonjwa wake, akubali au akatae tiba kwa hiari, atunziwe siri na asikilizwe anapolalamika. Mkataba huo si sheria iliyopitishwa na Bunge. Nguvu yake hutoka katika Katiba ya mwaka 1995 na katika mahakama, kama ilivyoonekana tarehe 19 Agosti 2020, pale Mahakama ya Katiba ilipoamua, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2011 baada ya vifo vya wajawazito wawili, kwamba serikali isipotoa huduma za msingi za uzazi inavunja haki za raia. Kwa mkazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilayani Isingiro, hata hivyo, haki zote hizo zinaning'inia kwenye haki moja inayotajwa kwa haraka tu, nayo ni kuelewa na kueleweka, kwa kuwa mtu asiyejua anachoambiwa hawezi kukubali, kukataa wala kulalamika.

Ni haki kwanza kutaja kilichokwisha kupatikana. Tangu Machi 2001 ada za matibabu ziliondolewa katika vituo vya afya vya umma nchini Uganda, isipokuwa katika wodi za kulipia, na vituo vya afya vya Nakivale huwahudumia wakimbizi na wenyeji wa Isingiro kwa pamoja. Jambo hili si dogo kwa mtu aliyetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako mgonjwa aliyekwisha kupona, au mama aliyekwisha kujifungua, huweza kuzuiliwa hospitalini mpaka ndugu zake wakamilishe deni. Hata nchini Kenya ilibidi Mahakama Kuu, mwaka 2015, itamke kwamba kuwazuilia akina mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Aliyezoea utaratibu huo hufika Nakivale akiwa ameubeba moyoni, na hofu ya deni humweka nyumbani siku mbili tatu za homa ambazo mtoto mdogo hawezi kuzimudu. Ni kweli pia kwamba dawa huisha, na mgonjwa akaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dukani. Lakini kununua dawa iliyokosekana ni jambo moja, na fedha inayoombwa mkononi bila risiti ni jambo jingine, ambalo jina lake ni hongo hata likiitwa soda.

Utaratibu wa tiba nchini Uganda umepangwa kwa ngazi, kuanzia wahudumu wa afya wa vijijini wanaojulikana kwa jina la VHT, kupitia vituo vya ngazi ya pili, ya tatu na ya nne, ambapo hiyo ya nne hutarajiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji, hadi hospitali za rufaa. Rufaa, yaani barua na maelezo yanayomhamisha mgonjwa kutoka ngazi moja kwenda nyingine, ndiyo inayomtoa mtu Nakivale na kumfikisha katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, na katika safari hiyo hubadilika si kitanda tu bali pia lugha. Makazi haya, yaliyopokea Wanyarwanda tangu miaka ya mwisho ya 1950 na baadaye Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waeritrea na Waethiopia, yamezoea wakalimani. Mbarara mjini mgonjwa hukuta wodi inayozungumza Kinyankore na Kiingereza, na Kiswahili chake, ambacho sokoni kingemtosha, hakitoshi kueleza maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi.

Hata pale anapopatikana anayejua Kiswahili, neno moja laweza kupotosha. Homa, kwa msemaji wa Tanzania, ni joto la mwili lililopanda, ilhali Wakenya wengi wa leo hulielewa kuwa mafua. Muuguzi aliyejifunzia Kiswahili Nairobi na mama aliyelelewa Uvira, Kongo, wanaweza kuagana wakiamini kwamba wameelewana. Kosa la aina hii halimkasirishi mtu yeyote, ndiyo maana halilalamikiwi.

Kinachozoeleka Mbarara, badala ya mkalimani, ni mtoto. Kijana wa shule anayejua Kiingereza huvutwa mkono mpaka kando ya kitanda ili amweleze daktari habari za hedhi ya mama yake, au amweleze baba yake majibu ya kipimo cha virusi vya Ukimwi. Hapo haki mbili huvunjwa kwa pamoja bila mtu kukusudia: usiri, yaani wajibu wa kutofichua habari za mgonjwa kwa asiyehusika, na ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa kinachofanywa, faida zake, hatari zake na njia mbadala iliyopo. Mtoto hupunguza neno linalotisha na kuruka neno la aibu. Jirani akiitwa kutafsiri, hulipeleka bombani kwa wachota maji. Mume au mkwe anayejibu kwa niaba ya mwanamke aliye macho na mwenye akili timamu naye huichukua ridhaa isiyo yake, na jumuiya ya wakimbizi ingefanya vyema kukiri kwamba hilo ni la kwetu, halikuletwa na hospitali.

Hospitali ya Mbarara ina hali yake ya pekee kwa kuwa ndipo wanapofunzwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Wanafunzi wanaozunguka kitanda si dharau, na mara nyingi ndio wanaomsikiliza mgonjwa kwa muda mrefu kuliko wote. Lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza nani ni daktari na nani anajifunza, na ya kukataa kufundishiwa au kuingizwa katika utafiti bila kupoteza tiba yake. Mkimbizi aliyezoea kutia kidole gumba kwenye kila karatasi ya mgao huona vigumu kuamini kwamba karatasi fulani inaweza kurudishwa bila sahihi.

Wajibu wa mgonjwa hueleweka vizuri zaidi ukitazamwa kutoka upande huo huo wa kuelewa na kueleweka. Mkataba unamtaka aeleze kweli, na kweli hiyo inahusu pia miti shamba aliyokunywa kabla ya kufika na vidonge alivyogawana na ndugu. Katika Nakivale, hata hivyo, kweli ina bei yake, kwa sababu cheti cha hospitali huweza kuingia katika faili la kuhamishiwa nchi ya tatu. Wapo wanaokuza ugonjwa kwa matumaini ya safari, na wapo, ambao hatari yao ni kubwa zaidi, wanaouficha kwa kuogopa kuipoteza. Kifua kikuu huahirisha safari mpaka tiba ifike pahali pa usalama, wala hakiifuti. Na virusi vya Ukimwi havimzuii tena mtu kuingia Marekani tangu Januari 2010, ingawa uvumi wa zamani bado unatembea katika vijiji vya Juru na Rubondo, humo Nakivale, kana kwamba habari hiyo haijafika. Anayekatiza vidonge vya kifua kikuu kabla ya miezi 6 kwa sababu kikohozi kimekoma huwaachia walio nyumba moja naye ugonjwa mgumu zaidi kutibika.

Kuna pia daftari, lile la shule ambalo mgonjwa wa Uganda hulinunua na kuandikiwa humo historia yake yote. Likipotea, daktari wa Mbarara huanza upya. Likiachwa wazi juu ya meza, siri imekwisha. Na yupo mwuguzaji, yaani ndugu anayekaa wodini kupika, kufua na kukimbilia dawa, ambaye bila yeye mgonjwa wa rufaa hana chakula cha uhakika. Mkataba unaelekea kumchukulia kila mgonjwa kuwa na mtu huyo. Mama aliyewaacha watoto wanne peke yao Nakivale hana, na kumwita mkaidi anapotoroka wodi kabla ya kuruhusiwa ni kumhukumu pasipo kujua nyumba yake.

Kwa malalamiko, njia ya kwanza ni mkuu wa kituo na kamati ya usimamizi wake, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) kwa upande wa makazi, na mabaraza ya taaluma ya madaktari na ya wauguzi kwa kosa la kitaaluma. Lalamiko lenye tarehe, saa na jina la wodi husomwa. Lisilo na hayo hubaki manung'uniko. Jumuiya kwa upande wake inaweza kuanza na jambo lililo ndani ya uwezo wake: kuchagua watu wazima, wanawake kwa wanaume, wanaojua Kiswahili na Kinyankore au Kiingereza, waape mbele ya viongozi wa kamati ya ustawi wa wakimbizi (RWC) kutunza siri, na nauli yao ya kwenda Mbarara itoke katika mchango ule ule ambao hadi sasa hutolewa kwa mazishi.