Mifuko ya Mchanga Kabla ya Nyati
Mwindaji wa kitalii anayefika Pori la Akiba Moyowosi, mashariki mwa Kibondo na Kasulu, hujaribu bunduki kambini kabla ya kufuata nyayo, kwani safari ndefu huweza kusogeza darubini. Hapo kiegemeo ndicho kinachoamua. Meza nzito na mifuko miwili ya mchanga inatosha: mmoja chini ya mbao ya mbele, mwingine chini ya kitako, mkono ukiuminya taratibu mpaka alama itulie katikati ya shabaha. Mtutu wenyewe usiguse kitu. Ukiegemezwa, risasi hubadili mahali pa kutua. Boneti ya Land Cruiser, inayopendwa na wengi, hutikisika mtu akiigusa tu. Fimbo tatu zilizofungwa pamoja zinafaa kupigia porini, si kurekebishia darubini. Kosa la sentimita 3 kwa mita 100 huwa takriban 6 kwa mita 200, na nyati aliyejeruhiwa akajificha kwenye matete ya Moyowosi humsubiri kwanza mfuatilia nyayo, anayetangulia mbele. Kwa ajili yake, kila kambi iwe na meza hiyo kabla msimu haujafunguliwa Julai 1.