Kutia Mkono Ndani ya Chungu: Nasaha kwa Anayetaka Kununua Gari Lililotumika



Mama zangu, dada zangu na wasomaji wote wa ukurasa huu, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii nataka tuzungumze juu ya ununuzi wa gari lililokwisha tumika. Huenda mtu akauliza, sheikh na magari wapi na wapi? Jawabu langu ni kuwa mlango wa mauziano ni miongoni mwa milango mipana ya fiqhi, na siku hizi, ukiondoa nyumba na kiwanja, ni vitu vichache ambavyo familia zetu huvitolea fedha nyingi kwa mara moja kama gari. Tena mara nyingi fedha hizo hutoka kwa mama.

Ndivyo ilivyokuwa katika kisa hiki. Mama mmoja mjane wa hapa Mombasa alisikia kuwa nasafiri kwenda Kisii kusomesha darsa za wiki moja. Akaja nyumbani na bahasha mkononi. Akaniambia, "Sheikh wangu, mwanangu wa mwisho asomesha hesabu kule Nyamira. Amepata gari, na mimi nimeuza bangili zangu za mahari nimtimizie. Nakuomba ukaliangalie kabla hajalipa." Nikamwambia, "Mama, mimi sijui magari." Akanijibu, "Wajua watu." Maneno hayo yalinipendeza, nami nikayapokea kwa kujiamini kuliko ilivyopasa.

Kisii ni mbali nasi, safari ya zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa. Mji uko juu, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukielekea Nyamira unazidi kupanda kati ya migomba na mashamba ya chai. Udongo ni mwekundu, na mvua hupenda kunyesha alasiri. Ni ardhi ya vilima juu ya vilima, na njia za vijijini zikinyeshewa huteleza kama sabuni. Waislamu wa huko ni wachache, wakiwemo Wanubi waliolowea mjini tangu zama za wakoloni. Majirani zao ni Wakristo, na wengi wao ni Waadventista wanaoitukuza Jumamosi.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX, la buluu. Ni gari la mbio. Wazee wa rika langu wanakumbuka Safari Rally ya mwaka 1997 aliposhinda Colin McRae kwa Subaru, kisha mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Subaru pia, na kabla yao Mkenya mwenzetu Patrick Njiru alivyolipatia jina hilo sifa katika barabara zetu. Vijana wa leo wamerithi mapenzi hayo, na husikiliza mngurumo wa egzosi kama sisi tulivyosikiliza qasida. Sikumlaumu kijana. Gari hilo huendeshwa na magurudumu yote manne, na kwa mwalimu anayepanda vilima vya Nyamira wakati wa mvua hilo si jambo la anasa tupu.

Muuzaji alikuwa Muislamu mwenzetu, mkaazi wa mji ule, tuliyeswali naye safu moja. Alitaka karibu shilingi milioni moja. Kijana alipotaja kumwita fundi, yule bwana alicheka akasema, "Maalim, baina yetu sisi Waislamu kuna haja ya fundi? Au mwanichukulia mimi mwizi?" Nami nakiri kosa langu. Nilimwonea haya, nikamwambia kijana kuwa huyu ni ndugu yetu na neno lake linatosha. Lau kijana angenisikiliza, bangili za mamake zingekwenda siku ile ile. Alhamdulillahi, alikuwa na adabu na msimamo pamoja. Aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo Maalim, lakini mama aliniusia."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kisa ninachowasomesha watoto kila mwaka, cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni Madina akakuta chungu ya nafaka. Juu ilikuwa kavu na ya kupendeza. Akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wapate kuiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Sisi husimulia kisa hiki kumkemea muuzaji, tukasahau nusu yake ya pili. Mbora wa viumbe hakutosheka na sura ya juu. Alitia mkono ndani, na wala hakuwa amemdhania mtu ubaya. Basi kukagua si kumtuhumu ndugu yako. Ni kuilinda mali, nayo ni amana, na ni kumlinda muuzaji pia asije akala haramu bila kujua.

Siku ile ilikuwa Ijumaa. Fundi tuliyeelekezwa, mwenye gereji ya jua kali pembeni mwa mji, alikuwa Muadventista. Alituambia kuwa Jumamosi hafungui, tuje Jumapili asubuhi. Muuzaji akaanza kutuharakisha: kuna mnunuzi wa Keroka anakuja kesho na fedha taslimu, angalau tutoe arbuni. Mama zangu, mkisikia maneno ya namna hii, punguzeni mwendo. Haraka ya muuzaji haiwi sababu ya haraka yako. Na arbuni ya sharti kuwa ukiacha kununua imepotea, wanazuoni walio wengi, na Imamu Shafi ni miongoni mwao, hawakuiruhusu, ingawa Imamu Ahmad aliiruhusu. Hatukutoa kitu. Mnunuzi wa Keroka hakuonekana.

Jumapili gari lililetwa. Kabla ya kugusa chochote fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akatutazama. Injini ilikuwa ya moto. Akatueleza kuwa injini hukaguliwa ikiwa baridi, kwa sababu ikishapata moto hufunika aibu zake nyingi: sauti za vyuma vilivyolika, moshi wa kuwashia, na ugumu wa kuwaka. Akaomba tusubiri ipoe. Tukakaa tukanywa chai kwa ndizi za kuchemsha, muuzaji akitazama saa.

Ilipopoa alianza na mwili wa gari. Alipita na kidole katika mianya ya milango na boneti, kwani mwanya ukiwa mpana huku na mwembamba kule ni dalili kuwa gari liligongwa likanyooshwa. Bolti za boneti zilikuwa zimekwaruzwa na spana, na ndani ya bampa ya mbele palikuwa na matone ya rangi mpya. Akainua zulia la buti kutafuta mikunjo ya bati. Akasoma nambari ya chesi, akailinganisha na ile ya kitabu cha gari, ziliafikiana. Akazungusha ufunguo bila ya kuwasha injini. Taa zote za dashibodi hupasa kuwaka kisha zizime. Taa ya mifuko ya hewa, ile inayofura kumkinga dereva katika ajali, haikuwaka kabisa. "Hii imefungwa makusudi," alisema. Magurudumu matatu yalikuwa ya aina moja na la nne jingine. Alisema katika gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, tofauti ya ukubwa huichosha mitambo inayogawa nguvu.

Kisha akafungua kifuniko cha rejeta, kazi ambayo haifanywi kamwe injini ikiwa moto, maana maji yake hurushwa usoni. Akawasha. Baada ya muda mapovu yakaanza kupanda majini, moja baada ya jingine, bila kukoma. Akatueleza kwa utulivu kuwa hewa ya mwako inavuja na kuingia katika njia ya maji, dalili kubwa kuwa gasketi inayoziba kichwa cha injini imekwisha. Injini ya Subaru ya aina hii imelala, silinda mbili upande huu na mbili upande ule, kwa hivyo vichwa ni viwili na kazi yake ni kubwa. Isitoshe, gari la turbo hutumia hewa ya egzosi kuzungusha feni inayosukuma hewa ndani ya injini, na joto lake ni kali. Likikosa maji au oili safi, halimsamehe mwenyewe.

Tukalipeleka njia ya Keroka lipande mlima. Mshale wa joto ulianza kuinuka kabla hatujafika mbali, tukarudi. Hapo ndipo nilipofahamu faida ya vilima. Gari la pwani huliwa na chumvi, kutu ukauona kwa macho. Gari la milimani huliwa klachi, breki na mfumo wa kupoza, na mambo hayo huonekana linapopanda na kushuka, si linapooshwa na kuegeshwa.

Muuzaji alimvuta fundi kando akamwambia jambo kwa Kigusii. Fundi akajibu kwa Kiswahili, nasi sote tukasikia: "Nimelipwa niseme ninachokiona." Sikuweza kumtazama kijana. Katika vitabu vyetu vya Kishafi imeandikwa kuwa kubainisha aibu ya bidhaa ni wajibu wa muuzaji, na pia wa mtu baki anayeijua. Hukumu hiyo niliisoma madrasa kwa Kiarabu na kuihifadhi. Siku ile niliiona ikitekelezwa na fundi asiye Muislamu, mikono imejaa oili, ilhali mimi mwenye kilemba nilikuwa tayari kuinyamazia kwa haya.

Baada ya Adhuhuri nilikaa na yule bwana peke yetu. Hakubisha. Alisema, "Maalim, nami nilitapeliwa hivi hivi. Nimelipanda miezi minane. Fedha zangu nitazipata wapi?" Nilimhurumia, lakini sikuwa na fatwa ya kumpa isipokuwa moja. Aibu aliyoijua hawezi kuinyamazia, na kuuza "kama lilivyo" hakumtoi katika dhima ya jambo analolijua. Haki yake ya kurudisha ilikuwa kwa aliyemuuzia, nayo katika madhehebu yetu hutakiwa mara tu aibu inapogunduliwa. Ukiijua ukaendelea kutumia, umeridhia. Njia iliyobaki ni kuuza kwa kusema ukweli, kwa thamani ya gari bovu. Aliniomba dua, nikamwombea.

Sasa, mama zangu, nawaachia mambo machache ya kushika, kwani wengi wenu mtaombwa fedha na watoto wenu.

Kwanza, chagueni kabla ya kukagua. Muulizeni kijana gari ni la kazi gani, na ataweza kulilisha? Gari la turbo hula petroli zaidi, na wengi walilichezea wenyewe wa kwanza: wakabadili egzosi, wakakata springi, wakaongeza nguvu kupita kiasi cha kiwanda. Lile lisiloguswa ndilo la kutafutwa. Na kama hawezi kulihudumia, aina hiyo hiyo ya gari ipo pia isiyo na turbo.

Pili, fundi awe wako, umlipe wewe, wala asiwe aliyeletwa na muuzaji. Ujira wake ni mdogo mno ukiulinganisha na injini.

Tatu, kitabu cha gari, au logibuku, kichunguzwe kupitia huduma za NTSA katika mtandao wa serikali. Jina la muuzaji liafikiane na kitambulisho chake. Likiwemo jina la benki pamoja na lake, fahamuni kuna deni. Kuuza usichokimiliki hakusihi katika dini yetu, na serikalini hakusimami. Fedha zipite benki, umiliki uhamishwe, na kila kitu kiandikwe mbele ya mashahidi.

Nne, tumieni hiari aliyowapa Mwenyezi Mungu. Mnaposhurutisha muda wa kufikiri na kujaribu, kisizidi siku tatu, huo ni uchaguzi halali kwa pande zote mbili. Muuzaji mkweli hataukataa.

Tano, msimkopee kijana kwa riba ili apate mngurumo. Baraka iliyoondoka haifidiwi kwa mwendo wa kasi. Na mkimpa ufunguo, mkumbusheni kuwa katika miji na vituo vya biashara mwendo haupasi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na barabara za Kisii zina watoto wa shule na akina mama wenye vikapu vya matoke.

Kijana alikaa miezi minne zaidi akipanda matatu. Kisha alinunua Impreza ya kawaida, isiyo ya mbio, iliyokaguliwa na fundi yule yule, na fedha zikabaki. Mamake alikomboa bangili mbili. Aliponiletea habari alisema, "Ahsante Sheikh, macho yako yamenisaidia." Nilimweleza ukweli wote kama nilivyoueleza hapa: macho yalikuwa ya fundi, na msimamo ulikuwa wa mwanawe. Mimi nilirudi na somo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli tunapouza na wenye kuona tunaponunua, azibariki mali zetu chache, na awalinde watoto wetu njiani. Aamin.

Wabillahi tawfiq.