Hesabu ni Shahidi, Si Hakimu

Wanachama wenzetu, twaomba mtuvumilie kidogo, maana jambo tunalolileta leo si dogo, wala halimhusu mtu mmoja.

Mwenzetu mmoja, karani wa masjala katika ofisi tusiyopenda kuitaja, aliarifiwa kwamba alama zake za mwaka ni chache, na ya kuwa jina lake halimo katika orodha ya watakaopandishwa daraja. Akamwendea mkuu wake kwa adabu, akauliza amekosa nini. Akajibiwa, "Mimi sina neno nawe. Mtambo ndio uliosema." Akauliza mtambo umehesabu nini. Mkuu hakujua. Akaenda kwa afisa utumishi; naye hakujua. Baada ya siku nyingi ikadhihirika ya kuwa ofisi ile ilikuwa imejinunulia mtambo wa kuhesabu barua anazoandikisha kila karani kwa siku. Mwenzetu alikuwa ametumwa kwa wiki tatu kwenda kutafuta jalada la mjane mmoja, ambaye mafao ya marehemu mumewe yalikuwa yamekwama. Alilitafuta stoo, katika vumbi na mavi ya popo, hata akalipata, na yule mama akalipwa haki yake. Lakini katika wiki zile tatu hakuandikisha barua hata moja, basi mtambo ukamwandika sifuri.

Hatusemi haya ili kumlilia mtu mmoja. Twasema kwa sababu maneno yale, "mtambo umesema," yameanza kuzoeleka maofisini, na sisi twaona ni maneno ya hatari kuliko tusi. Tusi lina mwenyewe, naye waweza kumshitaki. Neno la mtambo halina mwenyewe.

Asije mtu akadhani kwamba chama cha makarani chaogopa hesabu. Sisi ni watu wa hesabu. Tangu zamani riziki yetu imo katika daftari na jedwali. Nasi twakumbuka jinsi hesabu njema ilivyoifaa nchi. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipohakiki orodha ya mishahara, majina zaidi ya 10,000 yalionekana kuwa ya watumishi hewa, na fedha za watoza kodi zilikuwa zikitoka kila mwezi kwa ajili yao. Nani miongoni mwetu atakayetetea jambo hilo? Asiyetaka kuhesabiwa katika orodha ya namna ile, bila shaka ana neno lake la kuficha.

Wala tusijifanye watakatifu. Wako kati yetu waliotia sahihi katika daftari la mahudhurio kwa ajili ya rafiki aliyelala nyumbani. Wako waliopanda cheo kwa ujomba na ukabila, wakawaacha nyuma wenye juhudi. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba tarakimu haina mjomba wala kabila, twamwelewa, tena twamheshimu kwa nia yake. Lakini twamjibu hivi: tarakimu haina mjomba, illa aliyeamua kitu gani kihesabiwe na kitu gani kisihesabiwe, yeye ana macho yake, na mazoea yake, na upofu wake. Upofu ule ukiisha kuingia katika kanuni ya mtambo, hauonekani tena, waitwa ukweli.

Tuchukue mfano wa mbali, ulio mashuhuri. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza mwaka 2014 kutengeneza mtambo wa kupima maombi ya kazi, uwape waombaji nyota, tangu moja hata tano. Mtambo ukafundishwa kwa maombi yaliyopelekwa katika kampuni ile kwa muda wa miaka 10, ambayo mengi yalikuwa ya wanaume. Basi ukajifunza ya kuwa mwanamume ndiye afaaye. Ombi lililokuwa na neno la kuonyesha mambo ya wanawake, mathalani chama cha wanawake cha mchezo wa sataranji, likapunguziwa thamani. Hakuna mtu aliyeuamuru mtambo uwadharau wanawake. Uliyasoma mazoea ya zamani, ukayafanya kuwa sheria ya kesho. Wenyewe wakajaribu kuusahihisha, hawakuuamini, wakauacha. Na habari hizo zikatangazwa mwaka 2018. Ikiwa kampuni yenye mafundi wengi namna ile ilinaswa hivyo, ofisi zetu zitasalimika kwa dawa gani?

Mfano wa pili watuhusu zaidi, maana ni wa watumishi wa umma kama sisi. Katika mji wa Houston, jimbo la Texas, wakuu wa shule za umma walikuwa wakiwapima walimu kwa kanuni ya hesabu iitwayo EVAAS, inayokadiria, kwa mitihani ya wanafunzi, kila mwalimu ameongeza kiasi gani katika elimu yao. Kwa alama zile mwalimu aliweza kupoteza kazi. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa siri ya biashara ya kampuni iliyoitunga. Mwalimu hakuweza kuipata ili ahakikishe kwamba alama yake ni sahihi. Tena ilionekana kwamba kosa la mtu mmoja lisingeweza kusahihishwa peke yake, maana kuhesabu upya alama ya mmoja kungaligeuza alama za wenzake wote. Chama cha walimu pamoja na baadhi ya walimu wakaenda mahakamani mwaka 2014. Mwezi wa Mei 2017 hakimu wa mahakama ya shirikisho akaona kwamba walimu wana hoja ya kusikilizwa: mtu hawezi kuambiwa amepewa nafasi ya haki ya kujitetea, hali hawezi kuikagua hesabu iliyomhukumu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule pande zote zikapatana, na wakuu wa shule wakakubali kutomwachisha mwalimu kazi kwa alama isiyoweza kuhakikiwa.

Angalieni, ndugu, walimu wale hawakushinda kwa kusema kwamba hesabu ni mbaya. Walisema tu, "Tuonyesheni." Neno hilo moja ndilo tunalotaka mjifunze.

Wala si neno geni kwetu. Watumishi Waafrika wa Tanganyika waliunda chama chao mjini Tanga mwaka 1922, mwanzilishi wake akiwa Martin Kayamba, mtu wa ofisi kama sisi. Katika siku zile mkubwa aliandika ripoti ya siri juu ya karani, na karani hakuiona. Aliweza kukaa mahali pamoja miaka mingi asijue kwamba neno moja lililoandikwa kwa hasira ndilo lililomfunga. Desturi hiyo ya kumpima mtu kwa siri haikwisha kwa Uhuru. Ilidumu mpaka mwaka 2004, ulipoletwa utaratibu uitwao OPRAS. Kazi kubwa ya utaratibu ule ilikuwa katika neno lake la kwanza, yaani wazi. Mtumishi na mkuu wake walipaswa kukaa meza moja, wapatane juu ya malengo, kisha wapimane mbele ya macho yao. Kwamba wengi wetu tulizijaza fomu zile kwa haraka, ili ziishe, hiyo ni aibu yetu. Lakini msingi wake ulikuwa wa haki.

Sasa siku za karatasi zinakwisha, na upimaji wa kazi unahamia katika kompyuta. Vema. Karatasi hupotea, huliwa na mchwa, hubadilishwa usiku. Lakini alama ambayo mtumishi hawezi kuijua imetokana na nini, na mkuu wake hawezi kuieleza, ni nini hiyo kama si ripoti ile ile ya siri iliyovaa kanzu mpya? Tena hii ni mbaya zaidi, maana mwandishi wa ripoti ya siri, ukimkuta njiani, waweza kumtazama usoni.

Wako watakaosema, "Makosa ni machache, kwa faida ya wengi, wachache wavumilie." Twawakumbusha mambo ya mwaka 2017. Mwezi wa Aprili ilitolewa ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 wakatajwa kwamba vyeti vyao ni vya kughushi. Wengi hawakuwa na la kujibu. Lakini wako waliosimama wakakata rufaa, na baadhi yao wakaonekana wana haki, wakarudi kazini. Kazi ile ilikuwa ya lazima, nasi hatuipingi; lakini kama mlango wa rufaa ungalifungwa, watu hao wangalikuwa wapi leo? Wangalikuwa ni wezi mbele ya watoto wao, kwa kosa lisilo lao. Kwa yule anayeonewa, kosa si moja katika elfu. Kwake yeye ni moja katika moja.

Kwa sababu hiyo sisi twashika neno hili: hesabu ni shahidi, si hakimu. Shahidi huitwa, husikilizwa, tena huulizwa maswali na yule anayeshitakiwa. Shahidi asiyekubali kuulizwa, ushahidi wake hutupwa. Na hukumu hutolewa na mtu mwenye jina, anayeweza kuulizwa kesho, "Kwa nini uliamua hivi?"

Sheria nayo haiko mbali nasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, yampa mtu haki ya kuzijua taarifa zake zilizowekwa, na haki juu ya maamuzi yanayofanywa na mtambo peke yake. Haki isiyodaiwa hulala usingizi. Basi twaiamsha, na mambo tunayoyataka ni haya:

1. Kila alama itakayotumiwa katika kumpandisha mtumishi, kumhamisha au kumwachisha kazi, aonyeshwe mwenyewe kwanza, pamoja na mambo yaliyohesabiwa.

2. Kanuni ya kuhesabu itangazwe kabla ya mwaka wa kazi kuanza, si baada yake. Kanuni ambayo mwuzaji wa mtambo hataki ionekane, isinunuliwe kwa fedha za umma.

3. Rufaa isikilizwe na mtu, asiwe yule aliyetoa alama, naye aandike sababu za uamuzi wake.

4. Mtumishi aliyetumwa kazi isiyohesabika na mtambo, mkuu wake aiandike kwa mkono wake na aitie sahihi, nayo ihesabiwe.

5. Mtambo uhesabu pande zote mbili. Uhesabu pia nafasi zilizo wazi, posho za uhamisho zisizolipwa, na madaraja yaliyocheleweshwa. Mtambo unaojua dakika tulizochelewa asubuhi haushindwi kujua miaka tuliyocheleweshewa haki zetu.

Nanyi wanachama, mna wajibu wenu. Msingoje kudhulumiwa ndipo mtafute ushahidi. Kila mmoja awe na daftari lake, aandike kazi aliyotumwa, siku aliyotumwa, na nani aliyemtuma. Ukipewa alama, uliza. Kuuliza si ujinga wala si ukaidi. Ukijibiwa kwamba mtambo umesema, jibu kwa upole: "Bwana mkubwa, nionyeshe uliposema." Ukikataliwa, leta habari katika chama, kwa maandishi, pasipo matusi na pasipo chumvi. Nasi tutaichukua.

Karani yule tuliyemtaja mwanzo wa maneno yetu bado yu kazini, na daraja lake bado halijapanda. Jalada alilolipata limerudi mahali pake, na mjane anakula mafao yake. Kama kuna kazi ambayo Serikali iliajiri watu kwa ajili yake, ndiyo hiyo. Mtambo usioweza kuiona kazi ya namna hiyo, na ufundishwe. Na kama haufundishiki, basi usikalishwe katika kiti cha kuhukumu watu.