Mawingu yanasamehewa, vita havisamehewi: kanuni ya labo irekebishwe

BUKAVU, Kivu Kusini – Kanuni ya kazi za vitendo inajulikana katika vyuo vingi duniani. Mwanafunzi ahudhurie kila kipindi cha labo. Asiyehudhuria hana haki ya kutoa ripoti. Akikosa, alete karatasi ya daktari katika siku chache, la sivyo apate sifuri. Kwa labo ya nyota kuna jambo la ziada: kipindi ni cha usiku, na mbingu haimngojei mtu.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya mji wenye usalama. Ikiletwa Bukavu jinsi ilivyo, inageuka kuwa adhabu kwa mtu aliyekwisha kuadhibiwa.

Angalieni inavyofanya kazi. Mawingu yakifunika anga, kipindi kinaahirishwa kwa wote. Umeme wa SNEL ukikatika na kompyuta zikazimika, kipindi kinaahirishwa kwa wote. Lakini kijana wa Bagira au wa Panzi akishindwa kutoka usiku kwa sababu risasi zinalia katika mtaa wao, kosa linaandikwa juu yake peke yake. Msichana ambaye wazazi wanamkataza kutembea gizani anahesabiwa kuwa mvivu. Kwa hiyo wingu ni sababu halali, bunduki si sababu. Nani anaweza kuitetea sheria kama hiyo mbele ya wazazi?

Tena kuna walio mbali zaidi. Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, baadaye wakapelekwa kambi ya Musenyi. Wengine walipitia Uvira, wengine wakaishia Uganda. Benki za mjini zilifunga milango, na wazazi wakakosa hata pesa za chakula, sembuse za masomo. Kati ya familia hizo wamo vijana waliokuwa wameandikishwa chuoni. Kuwaambia walete karatasi ya daktari ni kuwadhihaki. Vita havitoi cheti chenye muhuri.

Sifuri ya labo si jambo dogo. Katika mfumo wa LMD mwaka mmoja una krediti 60, na licence nzima ina 180. Somo likianguka kwa sababu ya kazi za vitendo, krediti zake zinabaki deni. Deni hilo linaweza kuwa mwaka mwingine wa minerval, na anayelipa ni mama anayeuza ndizi au samaki kule alikokimbilia.

Walimu wana jibu lao, na si jibu la kupuuzwa. Wanasema labo ni mikono na macho. Anayepewa alama bila kugusa chombo atakwenda kufundisha fizikia Walungu au Kabare bila kuijua, na watoto wetu ndio watakaoumia. Wanasema pia kwamba ukifungua mlango wa kufidia vipindi, wavivu watapita pamoja na wakimbizi, na ripoti zitanakiliwa.

Hayo ni kweli. Ndiyo maana hakuna anayeomba alama za bure. Kinachodaiwa ni kazi ya kufidia, na katika somo la nyota kazi hiyo inawezekana kuliko katika masomo mengi.

Asidi ya labo ya kemia haiwezi kumfuata mwanafunzi Musenyi. Mwezi unamfuata. Kipimapembe cha shule, uzi na jiwe dogo vinatosha kupima urefu wa Mwezi angani. Akipima saa ile ile usiku baada ya usiku, ataona kwamba unasogea kuelekea mashariki kwa nyuzi karibu 12 kila siku, na baada ya siku 29 na nusu sura yake imerudi ilipoanza. Tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulipatwa kabisa kwa dakika 82, tangu saa 1:30 hadi saa 2:52 usiku kwa saa za Bukavu. Aliyekuwa Ibanda na aliyekuwa kambini Burundi waliweza kuuona kivuli kile kile. Mmoja angepataje alama na mwenzake sifuri?

Na wizi? Mwalimu anajua kuhesabu mahali Mwezi ulipokuwa, kwa saa na mahali alipotaja mwanafunzi. Namba za kubuni zitajulikana haraka kuliko ripoti iliyonakiliwa kutoka kwa jirani wa meza.

Historia ya sayansi yenyewe iko upande huu. Januari 1610 Galileo alikuwa akifuata miezi ya Jupiter kwa darubini yake. Usiku wa tarehe 9 mawingu yalimzuia. Aliandika kwamba hakuona, akaendelea usiku uliofuata, na matokeo yake yakabadilisha elimu ya mbingu. Usiku uliokosekana haukufuta usiku mwingine.

Basi wakuu wa idara wakae na walimu wasaidizi na wajumbe wa wanafunzi, waandike mambo manne kabla ya muhula mwingine. Usalama uhesabiwe kama mawingu: usiku wa hatari, kipindi kiahirishwe kwa wote. Ushahidi wa mkuu wa mtaa au karatasi ya kambi upokelewe kama karatasi ya daktari. Aliyekimbia apewe kazi ya kupima anga kule aliko, na akirudi apewe kipindi kimoja cha kugusa vyombo. Na kipindi cha kufidia kisiuzwe hata kwa faranga moja.

Wazazi mlioko kambini, msiwaache vijana wakate tamaa. Waandike barua kwa idara zao sasa, watunze karatasi zao, na kila usiku wa anga safi waandike tarehe, saa na walichokiona. Daftari hilo ni kazi ya chuo. Mwalimu atakayelikataa atoe sababu yake, na isiwe kwamba mwanafunzi alikimbia vita.