Kababu bila nyama, aibu iko wapi?

Juzi, tarehe zile mbaya, mshahara bado, wageni wakapiga hodi. Nikawakaangia kababu za maharage. Mmoja akauliza, "Nyama iko wapi?" Nikaona aibu.

Leo najiuliza: aibu ya nini? Mama zetu wametulea kwa bajia za kunde na hatukuwahi kuuliza nyama. Tatizo ni sisi wasomi wa mjini, tunaopima heshima ya mgeni kwa kilo za nyama, hata ikibidi kukopa buchani.

Jaribu mwenyewe. Maharage yakiiva, yachuje yakauke kabisa, la sivyo kababu zitasambaratika kwenye mafuta. Ponda pamoja na kiazi kilichochemshwa, kitunguu swaumu, tangawizi, pilipili na giligilani. Viringisha, kaanga.

Sahani ilirudi tupu. Yule muulizaji ndiye aliyeimalizia. Mdau, unasemaje?