Fomu Haijazwi kwa Kuwaza

Wenzetu wengi hapa Arua wanakipenda Kiswahili, lakini ikifika siku ya kuchagua masomo hushika kalamu na kuanza kuwaza. Ajira ipo? Huko Kampala si wataniita mwanajeshi? Nikishindwa ngeli je? Tunaiita busara. Mimi naiita woga.

Serikali nayo imetuzoesha. Mwaka 1973 Idi Amin, mtu mwenye asili ya Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Ikapita miaka 17 ndipo Baraza la Mawaziri, mwaka 2022, likaidhinisha kiwe somo la lazima shuleni. Mtoto aliyezaliwa katiba ikirekebishwa alikuwa karibu kumaliza sekondari!

Mhadhiri atanijibu kwamba Amin hakuwaza sana, na tuliyaona matokeo. Kweli. Ila Amin aliamua kwa niaba ya taifa zima. Anayejaza fomu anajiamulia mwenyewe, na somo likimshinda atabadilisha. Jambo linalorekebishika hivyo halistahili kukesha.

Nendeni soko la Koboko. Mama muuza nguo akipata mteja wa Kongo, kisha wa Sudani Kusini, hangoji ngeli zikae sawa. Anataja bei kwa Kiswahili, anachekwa kidogo, anauza. Sisi tuliokariri ngeli zote tunanyamaza semina nzima tukitafuta sentensi isiyo na kosa. Mwenye shaka ya ajira amuulize mwalimu mmoja, si kumi, kisha ajaze fomu jioni hiyohiyo.