Barazani kwa Mwalimu: Maji ya Kwetu, Maji ya Hapa na Meno ya Watoto



Mwezi uliopita alitujia nyumbani baba mmoja, mzaliwa wa Arumeru, akiwa na shauri. Ametupa ruhusa tulieleze hapa pasipo kumtaja jina. Binti yake wa miaka saba alikutwa na gego lililoanza kutoboka. Daktari wa meno akapendekeza lizibwe kwa saruji yenye kutoa floridi. Baba aliposikia neno hilo alimshika mtoto mkono wakaondoka zao.

"Mwalimu," alituambia, "floridi ndiyo iliyonitia rangi hii ya kahawia menoni. Leo nimruhusu mtu aipachike kinywani mwa mwanangu?"

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hatukumlaumu, maana katika jambo hili sisi wenyewe tuna deni. Tulipokuwa vijana tulifundisha katika shule moja ya sekondari chini ya Mlima Meru. Kila Jumatatu asubuhi tulikagua usafi wa wanafunzi: kucha, nywele, sare na meno. Wenye meno ya kahawia tuliwatoa mbele ya mstari, tukawaamuru wakayasugue kwa mkaa. Shahada tulikuwa nayo, lakini hatukujua kwamba rangi ile haikuwa uchafu. Watoto wale walikuwa wakisugua kosa la maji.

Yafaa basi tuueleze ukweli kwa ukamilifu. Maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, kutoka Arusha na Kilimanjaro hadi Naivasha na Nakuru, aghalabu huyeyusha floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa kukosa maji mengine, kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini. Tena magadi tunayotilia maharage na kande ili yaive upesi nayo yana floridi yake. Mtoto anayekunywa na kula hivyo katika miaka yake minane ya kwanza, wakati meno ya ukubwani yanaumbwa ndani ya ufizi, hutokwa na meno ambayo tayari yana madoa, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hudhurika. Ndiyo maana huko Ngurdoto, Arumeru, kukawa na kituo cha utafiti wa kuondoa floridi katika maji kwa kuyachuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Nakuru nako mchujo wa namna hiyo umetumika.

Hofu ya baba yule, kwa hiyo, ina msingi. Kosa lake ni moja tu: ameichukua hofu ya Arumeru akaileta Doha, ambako maji ni mengine kabisa.

Karibu maji yote ya bomba hapa Qatar hutoka baharini, yakaondolewa chumvi mitamboni. Chumvi inapoondoka, floridi nayo huondoka, ikabaki kidogo mno. Maji ya chupa na ya galoni hutofautiana. Msomaji atazame karatasi iliyobandikwa ubavuni, atafute neno la floridi au herufi F, asome kiasi chake. Mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa, basi, haelekei kuwa na hatari iliyompata baba yake. Hatari yake ni kinyume: floridi haba, na sukari tele. Chai ya karaki asubuhi, soda shuleni, juisi alasiri, tende zinazonata, na kwa wadogo, chupa ya maziwa yenye sukari wanayolala nayo mdomoni.

Meno huoza hivi. Vijidudu vilivyomo kinywani hula sukari na kutoa tindikali. Tindikali huyeyusha madini ya ganda gumu la jino. Mate hujaribu kuyarudisha madini hayo, lakini sukari ikija kila saa, mate hushindwa. Floridi kidogo iliyo juu ya jino husaidia madini kurudi, na ganda lililotengenezwa nayo huwa gumu zaidi mbele ya tindikali. Huko kwetu jambo lilikuwa floridi nyingi iliyomezwa wakati jino likiumbwa. Hapa tunazungumzia floridi chache inayogusa jino lililokwisha kuota. Kitu ni kimoja. Kipimo na njia ndivyo vinavyotofautiana.

Na ile saruji je? Huitwa glasi-ayonoma. Ni unga wa kioo wenye floridi, unaochanganywa na tindikali maalumu hadi ukawa kama ugali laini, kisha ukagandamana na jino lenyewe. Iliundwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, wakaitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hutoa floridi kwa wingi zaidi siku za kwanza, kisha hupungua. Ikiguswa na dawa ya meno yenye floridi, hujichaji tena kiasi. Floridi hiyo ni kidogo, haiwezi kumtia mtoto madoa.

Lililomshangaza mgeni wetu ni hili: njia hii ya kuziba meno pasipo mashine ilianzia kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alianza kutibu kwa vyombo vya mkono tu. Sehemu iliyooza ilikwanguliwa, tundu likazibwa. Hapakuhitajika umeme, na mara nyingi hata sindano haikuhitajika. Majaribio yakafuata Thailand na Zimbabwe. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo. Mwaka 2021 saruji yenyewe iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Hata hivyo tusiipe sifa isiyo yake. Hufaa sana kwa matundu madogo, lakini matundu makubwa yanayoshika pande mbili au tatu za gego huishinda mapema. Wala kuziba jino si ruhusa ya kuendelea na peremende. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aliyeziba ufa akaiacha mvua iendelee kupiga pale pale, ataziba tena.

Tunawasihi wazazi mambo manne. Kwanza, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi ya sehemu 1,000 hadi 1,450 kwa milioni: chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele, miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mtoto ateme, asisukutue. Mswaki wa mti ni mzuri, ila pekee hautoshelezi floridi. Pili, vitu vitamu viliwe pamoja na mlo, na usiku baada ya mswaki yawe maji tu. Tatu, mtoto akifika miaka sita, mchungulie nyuma kabisa ya kinywa. Hapo huota gego ambalo halikutanguliwa na jino la utotoni kung'oka, nasi hudhani ni la kuondoka. Ni la maisha. Likioza, halioti jingine. Nne, usingoje maumivu. Vituo vya afya vya msingi vina kliniki za meno. Nenda na kadi ya afya ya mtoto, uulize.

Gego la binti yule lilikuwa hilo hilo la miaka sita. Wiki iliyofuata baba alimrudisha, likazibwa. Yeye mwenyewe bado hufunika mdomo anapocheka.

Nasi, ikiwa miongoni mwenu yupo aliyewahi kusimamishwa mbele ya mstari na mwalimu kwa sababu ya rangi ya meno yake, tunaomba apokee samahani yetu, japo imechelewa. Halikuwa kosa lako.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.